Baba analaumu muvi mpya, mimi za zamani zinanilaza: tatizo ni nani?

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Tabata na mzee wangu, mstaafu, ana miaka 71. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kumbi za sinema za Empire, Avalon na Drive-In, na nyimbo za picha za Kihindi anaziimba mpaka leo. Mwezi uliopita nilimnunulia TV ya inchi 55 Kariakoo nikijua nimemfurahisha. Siku ya pili akaniambia, 'Hii TV inageuza picha kuwa tamthilia,' hata zile anazozijua kwa moyo. Mazungumzo hayasikii vizuri, anaongeza sauti, bomu likilipuka anaruka kwenye kochi. Anasema muvi za siku hizi ni kelele na giza tupu. Mimi nina miaka 28, nimekulia kibanda umiza na muvi za kutafsiriwa. Akiweka zake zisizo na rangi, dakika ishirini sifiki, nakoroma. Kaka yangu anasema simu imeniharibu ubongo. Je, ni kweli za zamani ni bora, au ni uzee tu? Na mimi nina shida gani? Nataka Jumamosi tuwe tunaangalia pamoja."

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndani yake umefunga mambo manne kwenye kanga moja: TV, masikio ya mzee, usingizi wako, na ule ubishi wa vijiweni wa zamani na sasa. Mimi kazi yangu ni kuhariri filamu na tamthilia hapa mjini, zaidi ya miaka ishirini sasa nakata na kuunga picha, kwa hiyo naanza na lile nisilolitilia shaka hata kidogo. Mzee wako hakosei. Alichokiona kwenye hiyo TV kipo, na wala hakitokani na uzee.

Tangu sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu hupigwa picha 24 kwa kila sekunde. Kule Empire mashine ilikuwa inapitisha kila picha mbele ya taa na kuifungua mara mbili, ukutani panamulika mara 48, jicho halioni kukatika. Lakini mwendo wenyewe unabaki wa picha 24, na mwendo huo una ukungu wake mdogo: mkono ukipita haraka unaacha kivuli, farasi akikimbia miguu inachanganyika kidogo. Macho yetu yamezoea kwamba ukungu huo ndiyo sinema. Taarifa ya habari, mpira, na vipindi na tamthilia za studio vina historia nyingine. Huku kwetu vilirushwa kwa mwendo wa mara 50 kwa sekunde, ndiyo maana vinateleza laini kama mtu amesimama sebuleni kwako.

Sasa TV mpya ina ujanja. Inachukua picha ya kwanza na ya pili, inakisia mkono ungekuwa wapi katikati yake, halafu inachora yenyewe picha ambazo hakuna kamera iliyowahi kuzipiga. Inazichomeka katikati mpaka mwendo wote unakuwa laini kama wa habari. Kwa mpira wa Simba na Yanga sina neno, mpira unaonekana vizuri. Kwa filamu ni balaa: seti inaonekana mbao, vazi la mfalme linaonekana limetoka kwa fundi jana, mwigizaji anaonekana anaigiza. Ukiangalia kwa makini mtu anapopita mbele ya uzio au jani la mnazi linapotikisika, utaona pembeni yake panachemka kidogo, kama hewa juu ya lami saa saba mchana. Hapo ndipo mashine imekisia vibaya.

Na si mzee wako tu anayelalamika. Desemba 2018 Tom Cruise alisimama na mwongozaji Christopher McQuarrie wakatoa video fupi kuwaomba watu wazime kitu hicho majumbani mwao. Hata walioamua kupiga filamu kwa mwendo wa kasi makusudi, kama The Hobbit ya mwaka 2012 iliyopigwa picha 48 kwa sekunde, walikutana na watazamaji wengi waliosema ni kama wanaangalia TV. Kwa hiyo mwambie mzee kwamba jicho alilolilea Avalon bado liko sawa.

Dawa yake haigharimu kitu. Shika rimoti, ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta sehemu ya mwendo. Kwenye LG inaitwa TruMotion, kwenye Sony ni Motionflow, kwenye Samsung utakuta Auto Motion Plus au Picture Clarity. Zima kabisa. Kama TV yako ina kitu kilichoandikwa Filmmaker Mode, chagua hicho, kinazima ujanja mwingi kwa mpigo mmoja. Kuna jambo jingine: TV za dukani huwekwa kwenye mwanga mkali na rangi za kupiga kelele ili zishindane na taa za Kariakoo, na nyingi zinafika nyumbani zikiwa hivyohivyo. Ukiweka hali ya sinema, siku mbili za kwanza utaona picha imefifia na ina umanjano. Vumilia. Siku ya tatu ukirudisha ile ya dukani utashangaa uliwezaje kuiangalia.

Na tafadhali, msiivute picha ijaze kioo. Filamu nyingi za kabla ya miaka ya 1950 zilipigwa karibu na umbo la mraba, ndiyo maana zinaacha weusi kulia na kushoto. Huo weusi ni haki yake. Ukiivuta, watu wote wananenepa, na tairi za magari zinakuwa mayai. Mimi mwenyewe niliwahi kualikwa kwenye ukumbi mmoja hapa mjini kuangalia kazi niliyoihariri miezi minne, nikakuta wameivuta, bibi harusi ana mashavu kama ana matende ya uso. Nilitoka nje nikanunua kahawa, nikaogopa kurudi ndani.

Tuje kwenye sauti, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu kuna mambo mawili yanayofanana na si kitu kimoja.

La kwanza ni filamu zenyewe. Sauti ya filamu ya leo hutengenezwa kwa ajili ya ukumbi wenye spika kila upande, na maneno ya waigizaji huwekwa kwenye spika ya katikati, nyuma ya kioo. Mabomu, magari na muziki yanagawana nyingine. TV yako haina spika ya katikati. Ina spika mbili ndogo, mara nyingi zimeangalia chini au zimegeukia ukutani, kwa hiyo inayasukuma yote humo, na maneno yanazama. Ongeza kwamba waigizaji wa siku hizi wanavaa vipaza sauti vidogo kifuani, wanaruhusiwa kunong'ona. Wale wa zamani wengi walitoka jukwaani, na sauti ilinaswa na kipaza kilichoning'inia juu ya vichwa vyao, ilibidi watamke. Filamu ya mwaka 1957 unaielewa hata jikoni ukikaanga samaki. Ya mwaka jana unahitaji maandishi ya chini hata kama Kiingereza umekisomea. Hilo si uzee wa mtu. Kwenye mipangilio ya sauti acha ile ya kuzungusha sauti chumbani (Surround), weka stirio ya kawaida, na kama kuna hali ya usiku au ya kukuza maneno, iwashe. Inapunguza tofauti kati ya mnong'ono na bomu. Spika ndefu ya kuweka chini ya TV inasaidia zaidi, lakini usikimbilie kununua kabla hujajaribu haya ya bure.

La pili ni masikio. Umri ukienda, sikio huanza kupoteza sauti nyembamba kwanza, na humo ndimo zinamokaa s, f, t na sh. Matokeo yake mtu anasikia kwamba unaongea ila hajui umesema nini, na yeye mwenyewe hutasikia akisema "sisikii"; atasema "mnaongea kwa kumung'unya". Kwa hiyo mchunguze mzee wakati TV imezimwa. Je, kwenye simu anakwambia rudia? Akikaa barazani na wenzake watatu anaachwa nyuma kwenye stori? Mawaidha au mahubiri anayapata? Kama huko kote yuko sawa, basi ni TV. Kama hapana, mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, uliza kliniki ya masikio, pua na koo. Ikihitajika wataandika rufaa ya Muhimbili. Mara nyingine ni nta tu imeziba, inatolewa siku hiyohiyo, ila msiichokonoe nyumbani kwa kijiti. Na kama sikio limepotea ghafla, kwa siku moja au mbili, au upande mmoja tu, usingoje Jumatatu. Hayo siyo ya mhariri wa filamu tena.

Giza analolilalamikia nalo lina chembe ya ukweli. Kamera za kidijitali zinaona kwenye mwanga mdogo sana, waongozaji wamenogewa, na filamu inarekebishwa rangi kwenye chumba chenye giza. Wewe unaiangalia saa kumi alasiri mlango uko wazi na jua la Tabata liko kwenye kioo. Funga pazia, au ngojeni baada ya magharibi.

Sasa wewe na usingizi wako.

Kaka yako nampinga. Sitasema simu haina neno, lakini ubongo hauharibiki hivyo. Ulichonacho ni mazoea, na najua yametoka wapi kwa sababu umeyataja mwenyewe: kibanda umiza. Mimi niko upande wa kibanda, usinielewe vibaya. Yule marehemu Lufufu, mtafsiri wa muvi Kapteni Derek Mukandala, alikuwa msanii kamili. Alikuwa akichukua picha la Kihindi au la kareti anakusimulia, anakutambulisha stelingi na adui, anakuwekea utani wa Manzese mdomoni mwa jambazi wa Hong Kong, na anapandisha mzuka pale filamu yenyewe imelala. Lakini angalia alichokuwa anakufanyia. Kila palipokuwa na ukimya, yeye aliujaza. Kila palipotakiwa ujiulize "huyu anawaza nini?", yeye alishakujibu. Ukakulia kwenye sinema isiyonyamaza. Siku mzee anaweka filamu ambayo mtu anakaa kwenye kiti, haongei, na hakuna msimuliaji, akili yako inangoja kuambiwa. Haiambiwi, inafunga duka.

Halafu kuna mkato. Filamu za Marekani kati ya miaka ya 1930 na 1960, kipande kimoja cha picha kilikaa kwa wastani wa sekunde 8 hadi 11 kabla ya kukatwa kwenda kingine. Kufikia mwisho wa karne, wastani ulishuka ukawa kati ya sekunde 3 na 6. Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015 ina mikato kama 2,700 ndani ya saa mbili, yaani hata sekunde 3 hazifiki. Kila mkato unaligutusha jicho: amka, kuna kitu kipya. Ukishazoea kugutushwa kila baada ya sekunde 3, sekunde 10 zinahisi kama foleni ya Ubungo.

Ila nisikuache ukidhani mwendo wa haraka ni uzembe. Hiyo Mad Max iliunganishwa na mama mmoja, Margaret Sixel, ambaye kabla yake hakuwahi kuhariri filamu ya mapigano, na akapata Oscar. Ujanja uliomsaidia ni mdogo na mimi nimeuiba mara nyingi: kitu cha kuangalia kimewekwa katikati ya picha karibu kila mara, kwa hiyo picha ikikatwa jicho halihangaiki kutafuta. Muvi nyingi za mapigano za leo zinakata kwa kasi ileile bila kufanya hivyo, ndiyo maana unatoka na kichwa kinauma na hujui nani kampiga nani. Hapo nakubaliana na mzee kwamba ni kelele.

Na polepole si lazima iwe hazina. Wazee wetu wanakumbuka picha kumi nzuri kwenye mia walizoziona. Zile tisini mbovu zilikufa na mabango yake. Sisi za sasa tunaziona zote mia, mbovu zikiwa juu. Chukua Hatari! ya mwaka 1962, aliyocheza John Wayne, iliyopigwa hapahapa kwetu upande wa Arusha. Zile mbio za kukamata vifaru na twiga ni za kweli, waigizaji wenyewe wako juu ya gari, hakuna kompyuta, na mpaka leo nikiziona nashika mkono wa kiti. Lakini katikati ya mbio na mbio kuna maongezi ya mapenzi yanayochosha, na wenyeji wa nchi wamewekwa pembeni kama mapambo ya kambi. Mzee anaweza kuipenda kwa sababu ya twiga na mimi nikaichoka kwa sababu ya maongezi, na tukabaki marafiki. Za kwetu vilevile. Enzi za Kanumba tulipewa nyingi zilizopigwa siku chache, sauti inavuma upepo, hadithi inakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ununue kanda mbili. Leo ukiangalia Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, unaona mtu ameungojea mwanga wa dirisha la Unguja mpaka ukafika anapotaka. Nayo ni ya polepole. Na ni mpya. Kwa hiyo ubishi wenu wa "zamani" na "sasa" mimi nauona umekaa mahali pasipo pake.

Usianze na filamu ambayo mzee anaiheshimu kuliko zote. Hilo ndilo kosa la wapenzi wote wa sinema, wanaanza na ile ndefu na nzito. Anzeni na 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya mwaka 1957. Dakika 96, haina rangi, chumba kimoja karibu mwanzo hadi mwisho: watu 12 wanaamua kama kijana aliyeshtakiwa kwa kuua ana hatia. Fikiria wazee wa baraza mahakamani, ila hawa lazima wakubaliane wote. Utakaa macho kwa sababu ni ubishi mtupu, na ubishi Mtanzania hausinzii. Lakini nikupe kazi ya macho. Mwanzoni kamera iko juu ya vichwa vyao kidogo, chumba kinaonekana kipana. Katikati inashuka usawa wa macho. Mwishoni iko chini inatazama juu, dari imeingia kwenye picha, na lenzi zimebadilishwa zikawa ndefu, ukuta unakuja mgongoni kwa mtu. Hakuna anayekwambia kwamba chumba kinabana. Unatokwa jasho tu. Hicho ndicho Lufufu alikuwa anakuambia kwa mdomo, na hapa unaambiwa na lenzi.

Jumamosi ya pili, Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, Italia, 1948, kama saa moja na nusu hivi. Baba hana kazi, anapata kazi ya kubandika mabango, sharti awe na baiskeli, na baiskeli yake iko rehani. Mkewe anavua mashuka kitandani, anayapeleka rehani ili baiskeli itoke. Yanapopokelewa, mfanyakazi wa pale anabeba kile kifurushi na kuanza kupanda nacho kwenye rafu, na kamera inapanda naye, na rafu imejaa vifurushi vya mashuka mpaka juu. Mashuka ya mji mzima. Hakuna neno linalosemwa. Baiskeli inaibwa siku ya kwanza ya kazi. Kama unamjua kijana mmoja wa bodaboda ya mkataba aliyeibiwa pikipiki kabla hajamaliza marejesho, hutalala kwenye hiyo. Yule baba, kwa taarifa yako, hakuwa mwigizaji. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani.

Simu zenu zote mbili zikae chumbani, zikiwa kimya. Na usione aibu kusimamisha katikati. Picha za Kihindi zina intavo, kumbi zetu zilikuwa na intavo, watu walitoka wakanunua karanga wakarudi. Ukisinzia hata hivyo, angalia jambo moja: unasinzia kwenye filamu tu, au na kwenye daladala, na kazini, na ukiamka asubuhi bado umechoka, na watu wanasema unakoroma sana? Umeandika "nakoroma" kama utani. Kama ni kila mahali na kila siku, muone daktari, kuna matatizo ya usingizi na ya upungufu wa damu ambayo filamu haina hatia nayo. Na kama baada ya filamu nne bado za zamani hazikupandi, basi hazikupandi. Mtu haumwi kwa kutopenda kitu, na mzee hajapoteza mtoto kwa sababu hiyo.

Kwa TV, ukizima vyote nilivyotaja na bado picha inakwama, au unaona mistari na madoa yasiyohama, hiyo ni ya fundi au ya kurudisha dukani na risiti ingali hai. Na kama filamu unawekewa kwenye flashi, muulize aliyekuwekea kama anayo nakala kubwa zaidi. Faili lililobanwa sana linatoa matofalimatofali kwenye giza, na TV ya inchi 55 hailifichi.

Sholay, ile picha ya Kihindi, iacheni mpaka Jumamosi ya tatu, mzee ndiye achague siku. Ni ya mwaka 1975, inapita saa tatu, na yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi ilipotoka. Mwache aimbe. Chai iwe tayari kwa intavo.